Mnunuzi Ni Nani? Namna ya kuikagua "fursa" ya mtandaoni kabla hujatuma shilingi

Msimu wa karafuu ukiwa mzuri hapa Pemba, wageni huwa wengi simuni. Pesa zikishaanza kutembea Wete, Konde na Chake Chake, haipiti wiki hujaingizwa katika grupu la WhatsApp usilolijua, lina jina la Kiingereza na picha ya mzungu aliyevaa tai. Mie nauza viungo na mafuta ya mkarafuu, dukani na mtandaoni, huu mwaka wa tisa. Vijana hunijia barazani na simu mkononi: "Mjomba, hebu itazame hii, ni kweli?" Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Leo naandika utaratibu wote ninaoufuata.

Nianze na nilivyopigwa mwenyewe. Miaka saba nyuma nililipa shilingi 150,000 kwa kozi ya "siri ya kuuza mtandaoni". Masomo yalikuwa kumi, yakiletwa kwa sauti za WhatsApp. La kwanza lilinambia niziamini ndoto zangu. La tatu lilinambia nifungue akaunti ya Instagram, nami nilikuwa nayo tangu zamani. La kumi ndilo lililobeba hiyo siri: ichukue kozi hii hii, wauzie wengine, na kila atakayelipa nusu yake ni yako. Nikakaa na simu mkononi kama mtu aliyefungua kopo la samli akakuta maji. Viungo vyangu havikutajwa hata mara moja. Bidhaa iliyokuwa ikiuzwa ni ile kozi, na mnunuzi nilikuwa mie.

Tangu siku ile swali langu la mwanzo kwa kila fursa ni moja: mnunuzi ni nani? Hatua nyingi hapa chini zimezaliwa na swali hilo.

Hatua ya 1: Usijibu siku ile ile

Utaambiwa nafasi zimebaki saba, au bei inapanda saa sita za usiku. Utaona saa inahesabu kurudi nyuma kwenye kioo cha simu. Ifunge, uifungue tena, utaikuta imeanza upya. Biashara ya kweli itakuwepo Jumamosi ijayo. Jipe siku tatu, na katika siku hizo mueleze mtu mmoja asiyekuwemo katika grupu, khasa mtu mzima anayejua kuhesabu. Ukiona unaona haya kumueleza mama au mkeo, umeshapata nusu ya jibu.

Katika siku hizo tatu usitume picha ya kitambulisho chako, kiwe cha Mzanzibari au cha NIDA, kwa ajili ya "usajili". Pesa ikipotea unaweza kuitafuta nyengine, lakini jina lako likishatumika kumtapelia mwengine, polisi wataanza kubisha kwako.

Hatua ya 2: Mtafute mnunuzi aliye nje

Hapa ndipo penye kazi. Uliza: ukiwatoa watu wote waliojiunga, nani anabaki ananunua kitu kwa sababu anakihitaji?

Chukua mfano wa kuuza kwa kamisheni, kazi ambayo wengi huichanganya na utapeli. Kijana wa Nungwi anaweka kwenye Instagram picha za safari ya jahazi wakati wa jua kuzama. Mgeni kutoka Italia anaziona, anaandika, analipa, anapanda jahazi. Nahodha anamkatia kijana asilimia kumi. Huyo ni papasi wa Forodhani, yule mtafutia wageni huduma kwa kamisheni, aliyehamia mtandaoni, na kazi yake ni halali ikiwa hasemi uongo. Mnunuzi yupo: ni mgeni, na angependa kupanda jahazi hata kama yule kijana hakuwahi kumuunganisha mtu yeyote. Kijana hakulipa kiingilio ili aruhusiwe kuuza. Na wageni wasipokuja, hakuna anayepata kitu. Ukweli huo mchungu ni alama nzuri.

Sasa chukua boksi la vidonge vya lishe. Ili ujiunge unalinunua kwa 180,000, kisha unaambiwa mapato yako hayatoki kwenye vidonge, yanatoka kwenye "timu": kila unayemleta akinunua boksi, unapata pointi. Jaribio langu ni jepesi. Lichukue boksi hilo, nenda nalo soko la Chake au Darajani, liuze kwa bei ile ile bila ya kutaja pointi wala timu. Ukipata wanunuzi, una biashara. Ukirudi nalo, maana yake wanunuzi wa boksi ni wanachama wenyewe, na maboksi yote yako chini ya vitanda vyao.

Kozi nazo zipime hivyo hivyo. Muulize mwalimu: kabla ya kuuza kozi, uliuza nini, na hivi sasa unakiuza wapi? Mtu anayejua kweli kuuza manukato mtandaoni atakuonesha manukato. Anayekuonesha skrinishoti za pesa na gari la kukodi, huyo anauza skrinishoti. Kuna programu za kutengeneza risiti za miamala ya bandia, na mtoto wa skuli anaweza kukufanyia moja kabla chai haijapoa.

Hatua ya 3: Chukua kalamu na karatasi

Mpwa wangu alinijia mwisho wa msimu na laki sita za kuchuma karafuu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kaa. Nambie."

"Nimepata kazi ya mtandaoni. Naweka laki mbili na arubaini, naingia daraja la pili. Kila siku natazama matangazo ishirini ya hoteli, nayapa nyota, napata elfu nane."

"Yanakuchukua muda gani?"

"Robo saa, mjomba."

"Na juu ya mkarafuu robo saa ulikuwa ukipata ngapi?"

Akacheka. Nikamwambia achukue kalamu.

Matangazo ya mtandaoni mara nyingi huuzwa kwa kila watazamaji elfu moja. Tuseme mwenye hoteli ni mkarimu, analipa dola 3 kwa kila elfu. Basi matangazo ishirini yana thamani ya senti sita za dola, kama shilingi 150, na hapo mwenye programu hajachukua chake. Mpwa wangu analipwa 8,000. Zile 7,850 zilizozidi zinatoka mfuko gani? Hoteli hazijui kama yeye yupo. Zinatoka kwenye laki mbili na arubaini ya aliyejiunga jana, kama zake zitakavyowalipa waliojiunga mwezi uliopita. Matangazo yamewekwa tu ili ajione anafanya kazi.

Hesabu ya pili ni ya watu. "Lete watano tu," ndivyo wanavyosema, na watano ni wachache kweli. Mtu ana binamu zaidi ya hao. Lakini kila mmoja wa hao watano naye alete watano, ndio ahadi itimie kwa wote. Panga safu: 1, 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Safu ya kumi inahitaji watu 1,953,125. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, pamoja na wachanga walio mgongoni. Kwa hivyo safu ya kumi haipati watu hata ukimsajili kila mtoto. Na angalia upande wa pili: kila mpango unapokatika, safu ya mwisho peke yake ina watu wengi kuliko safu zote za juu yake zikijumlishwa mara nne. Hao wote wametoa, hakuna wa kuwalipa.

Hesabu ya tatu ni ya asilimia. "Asilimia 3 kwa siku" inasikika ndogo kama chenji ya daladala. Weka 100,000, usitoe kitu, iache izae juu ya iliyozaa kwa siku 365. Mwisho wa mwaka utakuwa na zaidi ya bilioni 4.8. Mtu mwenye mashine ya namna hiyo angekopa laki moja kwa jirani akanyamaza kimya. Asingehangaika kukutafuta wewe huku Konde. Linganisha na sukuk, yaani hati ya uwekezaji isiyo ya riba, ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 2025: kwa fedha za shilingi ilitangazwa kwa faida ya asilimia 10.5. Kwa mwaka mzima.

Hatua ya 4: Soma jina kabla ya kuweka namba ya siri

Unapotuma pesa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Watu hulipita mbio. Kampuni inasema iko London au Dubai, halafu jina linalotokea ni la mtu binafsi, na wiki ijayo namba inabadilika na jina linakuwa jengine. Simama hapo. Kampuni halisi ina akaunti ya benki au lipa namba yenye jina lake. Ukitakiwa ununue sarafu za kidijitali, USDT kwa mfano, ujue pia kwamba zikishatoka hakuna wakala wala benki itakayokurudishia.

Jengine la haraka: programu ambayo haipatikani Play Store, unatumiwa faili kwenye Telegram uipakue kwa mkono. Usiiweke katika simu yenye pesa zako.

Hatua ya 5: Cheti si leseni

Hili limewaangusha hata walimu na maofisa. Unaoneshwa cheti cha BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, au cha BRELA, mwenzake wa Bara, kina muhuri na saini. Kwenye wakala wa usajili kampuni huandikishwa jina na wenyewe, basi. Cheti cha kuzaliwa hakimfanyi mtu daktari. Anayetaka kupokea amana za watu anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Unguja na huorodhesha taasisi zote ilizozipa leseni. Anayekusanya pesa za umma akaziita uwekezaji, muulize kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Usiridhike na picha ya kibali. Litafute jina katika orodha ya mamlaka yenyewe, au piga simu.

Na ofisi nzuri isikulevye. Kukodi chumba Michenzani na kuweka viti vya ngozi ni gharama ndogo kwa anayetarajia mabilioni. Mwaka 2009 Bara iliifunga DECI, mpango wa "kupanda mbegu na kuvuna", nao ulikuwa na ofisi, foleni na viongozi wa dini mbele yake. Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ikawatahadharisha wananchi juu ya mpango uliojiita LBL, usiokuwa na leseni yake. Tahadhari ilipotoka, wengi walikuwa wameshaweka.

Hatua ya 6: "Mie nimeshatoa" si ushahidi

Hapa ndipo watu wenye akili zao hunasa. Wanasema: sitaamini mpaka nijaribu. Wanaweka elfu ishirini, baada ya siku tatu wanatoa elfu ishirini na tano, pesa inaingia kweli, wakala anawahesabia. Basi wanarudi na laki tano.

Kulipa mwanzoni ndiyo kazi yenyewe ya utapeli huu. Charles Ponzi, aliyeuachia jina lake mchezo huu, alilipa vizuri sana. Mwaka 1920 mjini Boston aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akisema ananunua kuponi za posta kwa bei rahisi nchi za nje na kuzibadilisha Marekani kwa bei ya juu. Wa mwanzo walipata pesa zao, wakawa matangazo yanayotembea. Kilichomuumbua ni swali la mnunuzi na bidhaa: ili biashara yake iwe ya kweli zilihitajika kuponi kama milioni 160, na zilizokuwa zikizunguka duniani hazikuzidi 27,000 hivi. Hakuna aliyehitaji kumpekua mfukoni.

Kwa hivyo jirani akikwambia "mie nimetoa mara nne", muamini. Kisha muulize pesa aliyotoa ilikuwa ya nani.

Hatua ya 7: Neno "halali" nalo likaguliwe

Sisi watu wa visiwani tunatapeliwa kwa bismillahi. Sauti inaanza kwa salamu ndefu, inafuata aya, kisha unaambiwa hii haina riba, ni mudharaba, yaani ushirika wa mwenye mtaji na mwenye kuufanyia kazi. Mudharaba ina masharti yake: faida hugawanywa kwa sehemu mlizokubaliana, na hasara ikitokea bila ya uzembe wala udanganyifu wa mwenye kuifanyia kazi, humuangukia mwenye mtaji. Anayekuahidi kiwango maalumu kila siku na kukuhakikishia mtaji wako hauguswi, ameshatoka katika mudharaba kabla hajamaliza sentensi. Usibishane naye kwenye grupu, utaitwa hasidi. Mpelekee shekhe unayemuamini masharti yaliyoandikwa, yeye atayasoma.

Wengine huuita "mchezo wa kisasa" ili ufanane na mchezo wanaocheza mama zetu. Katika mchezo wa kina mama, watu kumi wakitoa elfu kumi kila wiki, kila mmoja zamu yake hupokea laki moja na mwisho wa duru ametoa laki moja. Hakuna aliyezidishiwa. Palipo na mchezo ambao kila mmoja anatoka na zaidi ya alichotia, na hakuna kilichouzwa nje, kuna mtu hajaambiwa kwamba yeye ndiye atakayelipa.

Hatua ya 8: Mwalikaji akiwa ni ndugu

Hii ni ngumu kuliko zote, maana linki haiji kutoka kwa tapeli. Inakuja kutoka kwa shangazi. Naye hakusudii ubaya, ameahidiwa bonasi na anadhani anakufadhili. Usimwite mwizi. Mie humwambia hivi: "Shangazi, ahsante kwa kunikumbuka. Mie sitoingia, lakini nakuomba jambo moja: toa mtaji wako kwanza, wote, kisha endelea na faida peke yake." Akifanikiwa kuutoa, umemuokoa. Akizuiliwa, ataona mwenyewe bila ya kufundishwa.

Na wewe ukiwa umo, usilete mtu hata mmoja. Pesa zako zikipotea ni hasara yako, lakini ukimuingiza mwenzako itabidi ukutane naye kila Ijumaa mlangoni pa msikiti. Wala usitegemee sheria ikuachie kwa kuwa nawe ulidanganywa. Kuendesha na kuhamasisha upatu wa namna hii ni kosa, na waliokuwa viongozi wa magrupu ndio wanaopatikana kwanza, kwa sababu wao wanaishi hapa hapa, na namba zao kila mtu anazo.

Hatua ya 9: Ukishaingia

Siku ya kufunga ina dalili zake. "Mfumo unafanyiwa matengenezo." Kisha kutoa pesa kunageuka kuwa mara moja kwa wiki. Kisha inakuja ile ya mwisho: akaunti yako ina milioni mbili, lakini lipa kwanza kodi ya asilimia 10 ili ifunguliwe. Usilipe. Kodi halali ingekatwa katika hizo hizo milioni mbili. Zile tarakimu unazoziona ni maandishi tu, na laki mbili watakazokudai ndiyo pesa pekee ya kweli katika mazungumzo hayo.

Fanya haya kwa haraka, kwa mpangilio huu. Ikiwa umetuma kwa simu muda si mrefu, piga 100 huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe muamala uzuiwe. Pesa ikiwa bado haijatolewa kuna nafasi. Kabla ya kutoka kwenye grupu, piga skrinishoti za kila kitu: namba za admini, majina yaliyotokea wakati wa kulipa, tarehe, sauti zao. Wengi hutoka kwa hasira na ushahidi wote ukabaki nyuma, kisha admini akalifuta. Nenda kituo cha polisi, eleza kuwa ni kosa la mtandaoni, na usiondoke bila ya namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Zanzibar, kwa hivyo usikubali kuambiwa kwamba aliyepokea yuko Dar es Salaam basi yamekwisha. Piga *106# uangalie kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako nawe huzijui. Badilisha namba ya siri ya pesa, na iondoe ile programu simuni.

Mpwa wangu hakuweka. Rafiki yake aliweka, na siku ya kumi na tisa grupu likafungwa. Wiki ya tatu akapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, anasema yeye ni wakili, ameshawarudishia pesa watu wengi, anahitaji elfu sabini tu za kufungulia faili. Amelijuaje jina lake na kiasi alichopoteza? Kwa sababu orodha ya waliopigwa nayo ni bidhaa, na huuzwa. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, usiujibu. Utume 15040, namba ya kuripoti ujumbe wa matapeli, na ukiulizwa namba iliyokutumia, iandike.